Mzee Aliyehutubia Ukuta

Verediana alisema aliona kwa macho yake mwenyewe, hakusimuliwa na mtu. Jumapili ile, baada ya ibada, alikuwa anaanika mahindi kwenye jamvi mbele ya nyumba yake hapo Iyunga, Mbeya, akasikia sauti ya Mzee Isakwisa kutoka nyumba ya pili. Ilikuwa sauti ya mkutanoni, si ya mtu anayezungumza na mgeni. Akainua kichwa. Dirisha la mzee lilikuwa wazi, na mzee alikuwa ameketi peke yake sebuleni, mgongo ameupa mlango, uso ukutani, mikono yote miwili juu ya fimbo. Alikuwa anauhutubia ukuta. Anasema maneno machache, ananyamaza kama mtu anayengoja kujibiwa, anagonga ukuta kwa fimbo, anaendelea. "Ndugu wajumbe," alisikia hivyo. "Ndugu wajumbe," tena na tena, na mjumbe hata mmoja hayupo. Mahindi yalienea jamvi zima na mzee bado anaongea. Wiki hiyohiyo kiharusi kikamwangusha, ulimi ukafungwa, na mpaka leo hajasema neno.

"Ndiyo maana nasema walimroga," Verediana alimaliza. "Na waliomroga ni watu wa siasa. Haya maneno yangu andika yote."

Sedekia hakuandika. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, koti limefungwa mpaka shingoni, maana baridi ya Juni ilikuwa bado haijaondoka kwenye majani. Jana yake alikuwa ameshuka kwenye basi la relwe, lile la shirika la reli, kutoka Iringa, na kiuno kilikuwa hakijamsamehe. Alikuwa kachero mstaafu. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia polisi huko pwani, akarudi Iringa kutengeneza baiskeli, na sasa chama kilikuwa kimemtoa kwenye baiskeli zake kwa sababu ndiye Mnyakyusa pekee waliyemjua aliyewahi kufanya kazi ya kuuliza watu maswali.

"Mkononi alikuwa na nini?" aliuliza.

"Fimbo."

"Karatasi? Kalamu?"

"Kalamu ya nini, afande? Yule mzee macho yote ukungu. Mwaka jana aliniita akidhani mimi ng'ombe wa Saulo."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitikia. Ni mtu mzima."

Sedekia alitaka kucheka, lakini akapiga chafya. "Humo ndani hamkuwa na mtu mwingine?"

"Nani sasa? Mwanawe Anyitike alikuwa kaenda mjini. Mkwewe ndiyo usiseme kabisa. Yule mwanamke ana kiburi, sijapata kuona! Tangu niolewe hapa kutoka Kihesa kule Iringa sijamwona hata siku moja anaingia kumwamkia baba mkwe wake. Anapita nyuma, nyuma, kama mwizi wa kuku. Kwetu angesharudishwa kwa wazazi wake."

"Kwa hiyo mzee hakuandika kitu."

"Hakuandika. Hata ukinipeleka kwa jaji."

Hilo ndilo alilokuwa anaogopa kulisikia. Alitoa barua kutoka mfuko wa ndani wa koti akaisoma tena, ingawa njia nzima kutoka Iringa alikuwa ameisoma mpaka bibi mmoja kwenye basi akamuuliza kama ni barua ya mchumba.

*Ndugu wajumbe. Anayesema nanyi ni mwenye nyumba mliyokimbilia siku ya mkutano wa kwanza, mvua ilipoangusha turubai. Naomba jina langu liondolewe katika majina ya kugombea. Macho yamekwisha na mwili umechoka. Mahali pangu wekeni Ambrosi Kalinga wa Kihesa. Yeye peke yake alisimama akanipinga nilipokosea, ninyi wengine mlipiga makofi. Mwanangu bado. Shamba atalirithi, kura za watu asirithi. Ni mimi, mwenye nyumba.*

Ilikuwa imeletwa Iringa na dereva wa lori aitwaye Asukile, akaikabidhi mkononi mwa Bartholomeo, katibu wa mkutano wa kuteua wagombea. Uchaguzi wa mwaka huo wa hamsini na nane ulikuwa wa kwanza, na jimbo zima lilikuwa linajua kwamba jina la Mzee Isakwisa likipelekwa mkutanoni hakuna atakayelipinga. Barua ilipofika, Mzee alikuwa ameshakuwa bubu. Wajumbe wa Mbeya wakasema imeghushiwa, kwamba Kalinga amemtumia Asukile. Wakaenda polisi. Asukile alikuwa mahabusu Iringa, na mkutano ulikuwa keshokutwa. Sedekia akirudi mikono mitupu, barua inachanwa, Anyitike anachukua nafasi ya baba yake, na Asukile anapandishwa mahakamani kwa kosa la kughushi.

Bartholomeo alikuwa amemwonyesha kasoro mwenyewe, kwa kidole. Kwanza, jina hakuna. "Mtu gani anajiuzulu bila kusema yeye nani? Hii ni barua ya mtu aliyebisha hodi akakimbia." Pili, chini kabisa, mahali pa jina, karatasi ilikuwa imekwaruzwa kwa wembe mpaka imekuwa nyembamba. Mtu alianza kuandika kitu akakifuta.

Jambo la tatu Sedekia aliligundua mwenyewe. Bahasha haikuwa ya dukani. Ilikunjwa kwa karatasi ya sukari, ikafungwa kwa uji badala ya gundi, na uji ule ulipokauka uliacha unga wa rangi ya udongo mwekundu. Ulezi.

"Nyumba ipi hapa wanapika uji wa ulezi?" alimuuliza Verediana.

"Nyumba ipi hawapiki? Afande, umekuja kutafuta mchawi au mpishi?"

*

Asubuhi hiyo alipofika alikuwa amemkuta Mzee Isakwisa amelazwa barazani aote jua. Mwanamke mmoja alikuwa anapandisha njia kutoka mtoni na debe la maji kichwani. Alipoona kitanda kiko nje, aliacha njia, akavuta kanga usoni, akazunguka mbali kupitia kwenye migomba, na debe lile zito, mpaka nyuma ya nyumba. Sedekia aliliona jambo hilo akaliacha lipite. Akili yake ilikuwa kwenye karatasi.

Sasa mzee alikuwa amerudishwa sebuleni. Kitanda cha kamba kilikuwa kimesogezwa kando ya ukuta wa ndani, na mgonjwa alilala chali, mdomo umevutwa upande, mkono wa kushoto umekufa. Wa kulia ulishika fimbo. Alikuwa anagonga ukuta. Anagonga, anapumzika, anagonga.

"Ndiyo kazi yake kutwa," alisema Anyitike. Alikuwa karani wa ushirika, kijana nadhifu, kola imepigwa pasi, lakini chini ya macho ngozi ilikuwa imelegea kwa kukosa usingizi. Ndiye aliyekuwa anamgeuza baba yake, anamlisha, anamfulia. "Ukimnyang'anya fimbo analia machozi. Mwachie tu."

Sedekia alipiga goti kando ya kitanda, akamwamkia kwa Kinyakyusa. "Ugonile, tata. Mimi Sedekia. Natoka kwa wajumbe. Kama barua ni yako, gonga."

Fimbo ikagonga.

Anyitike akatabasamu bila furaha. "Muulize kama yeye ni gavana."

Sedekia alisita. "Mzee, jina lako ni Ambrosi Kalinga?"

Fimbo ikagonga.

"Unaona?" alisema Anyitike. "Wajumbe wakija hapa atawakubalia kila kitu. Mimi nimeshachoka kuuliza. Nilimuuliza anataka maji, akagonga. Nikampa, akayatema."

"Barua umeiona?"

"Nimesimuliwa."

Sedekia akampa. Anyitike aliifungua, macho yake yakapita juu ya mstari wa kwanza, yakasimama. Kisha aliikunja kwa mikunjo yake ileile na kuirudisha.

"Mwandiko siujui."

"Hujaimaliza."

"Nimekwambia siujui." Alichukua kitambaa akamfuta baba yake mate. "Nina ushirika wa kufungua, mzee wangu. Ukimaliza, vuta mlango."

Nyayo zake zilipopotea njiani, Sedekia alibaki anautazama mlango. Mtu anaambiwa baba yake kamnyima nafasi mbele ya jimbo zima, anapewa karatasi yenyewe, halafu haendi mpaka mwisho kuona ametajwaje? Anayeishia mstari wa kwanza alikuwa anatafuta mwandiko, si habari. Na alikuwa ameupata.

Akainuka, magoti yakilia, akaanza kazi aliyoizoea. Kiti cha mzee kilikuwa bado mahali pake. Alikivuta kidogo. Miguu ya kiti ilikuwa imechimba vishimo kwenye sakafu ya udongo, vya kukaa muda mrefu, na vishimo hivyo viliuelekea ukuta. Mtu asiyeona vizuri huketi kwenye mwanga. Kwa nini huyu alikaa gizani? Ukutani, usawa wa fimbo ya mtu aliyeketi, chokaa ilikuwa imemeguka na udongo kuonekana. Chini kidogo, usawa wa kitanda, palikuwa panaanza kumeguka pengine. Alitazama juu. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta ule wa mianzi na udongo uliishia chini ya kenchi, na juu yake palikuwa wazi, moshi wa jikoni ukivuka upande huu taratibu.

Sauti nayo ingevuka.

Mzee akagonga. Upande wa pili wa ukuta, kitu kilichokuwa kinasuguliwa, sufuria au chungu, kikaacha kusuguliwa.

Sedekia alisimama palepale. Fimbo ikatulia, kule kusugua kukaanza tena. Mzee akagonga, kukakoma.

Ndipo alipokumbuka lile debe la maji likizunguka kwenye migomba, akajiona mjinga. Alikuwa amekaa pwani mpaka amesahau mambo ya nyumbani kwao. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaacha njia. Haingii alipo, hamtazami, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwake mpaka anakufa. Ubatizo ulilegeza kwa wengine, kwa wengine hata kidogo. Verediana wa Kihesa, mgeni wa mila hiyo, alikaa dirishani miaka yote akaona kiburi.

*

Alikwenda kwa mlango wa nyuma. Alibisha, akangoja mpaka akakaribishwa.

Atuganile, mke wa Anyitike, alikuwa ameinamia chungu, mikono imejaa majivu. Alikuwa na umri wa binti yake Sedekia, uso mwembamba, macho ya mtu anayesikiliza vyumba viwili kwa pamoja. Alimsogezea kigoda, akamimina uji kwenye kibuyu bila kuuliza kama anataka.

"Ndaga, mwanangu," Sedekia alishukuru. Ulikuwa wa ulezi. Akanywa nusu kwanza, maana alikuwa na njaa na hakuna aliyekuwa amemkaribisha kitu tangu alfajiri. "Asukile wa lori ni nani yako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Nimemwona Iringa."

Mikono ikaacha majivu. "Anakula?"

"Anakula. Nimemuuliza barua kapewa na nani, anasema aliiokota kwenye kiti cha lori. Wanamuuliza kila siku, kila siku anaiokota."

"Ni mwongo mbaya tangu utoto," alisema Atuganile.

Ungo ulikuwa umening'inizwa ukutani. Sedekia aliuteremsha, akaupindua. Mgongoni palikuwa na doa la wino wa buluu, dogo kama punje ya mtama. Ungo uliopinduliwa mapajani ni meza nzuri. Aliuweka chini kati yao.

Mzee akagonga. Atuganile akaugeukia ukuta, akarudi.

"Alikuwa anagonga hivyo ili uanze kuandika," alisema Sedekia.

"Na nikimaliza mstari nagonga mimi." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka mzigo chini. "Alimwambia dada yake aniambie Jumapili nisiende kokote baada ya ibada. Hakutaka mwanawe ajue kabla. Na ukimwondoa yeye, mimi ndiye mwenye shule ya kutosha hapa nyumbani, darasa la nne. Akasema kule, nikaandika huku. Sikumwona, hakuniona. Tata, hatukukosea kitu."

"Ikabaki jina."

Atuganile alilifunika doa la wino kwa kiganja.

"Alikwambia uliweke?"

"Alisema, 'Sasa chini hapo weka jina langu.' Nikaka... nikakaa." Alijifuta uso, majivu yakabaki shavuni. "Akagonga. Nikasema moyoni kuandika si kutamka. Nikaanza. Mstari mmoja tu wa kalamu, wa kusimama. Mkono ukawa si wangu. Nikachukua wembe nikaufuta. Halafu nikagonga kwamba nimemaliza. Akasema, 'Ndaga, mwanangu.' Hajapata kuniita hivyo. Wiki haikuisha, akaanguka."

"Kiharusi ni ugonjwa, mwanangu. Kinampata yeyote."

"Wewe umesema."

Sedekia alikunja mikono. Kesi ilikuwa imekwisha, na hakusikia nafuu yoyote. Wajumbe walikuwa wamefikiri jina limekosekana kwa sababu barua ni ya uongo. Mwongo angeanza na jina. Angeliandika kubwa, kwa madaha, na mstari chini yake. Katika jimbo lote ni mtu mmoja tu angeandika kila neno la Mzee Isakwisa kwa uaminifu akaishia hapo. Na Verediana, aliyekuwa tayari kwenda kwa jaji, alikuwa amesikia "ndugu wajumbe" kwa masikio yake.

"Sikiliza," alisema. "Nimezunguka kote nimerudi kwako. Jirani atasema mzee alisema maneno hayo. Lakini hakumwona mwandishi. Bartholomeo ataniuliza, nani aliandika, na nani alimtamkia. Nikisema mimi, ni maneno ya kuambiwa. Anataka mkono wako. Mistari miwili: mimi Atuganile niliandika, aliyenitamkia ni fulani. Mwandiko wataulinganisha wenyewe."

"Nitaandika 'mwenye nyumba.'"

"Hilo limeshakataliwa. Ndilo limemweka kaka yako ndani."

"Andika wewe jina, mimi niandike mengine."

"Watasema nimeghushi mimi." Alitoa karatasi, kalamu na kichupa cha wino, akavipanga juu ya ungo. "Basi linaondoka mchana huu. Likiniacha, sifiki mkutanoni."

Atuganile hakuvigusa. "Mume wangu ameiona?"

"Ameona mstari mmoja. Akasema mwandiko haujui."

"Akiwa Kilombero kwenye miwa nilimwandikia kila mwezi," alisema. "Anazo zote, sandukuni." Kisha akacheka kidogo, cheko kavu. "Kwa hiyo ananificha. Au anaificha kura yake."

"Hilo sikulipeleleza."

"Nikiandika, mume wangu anakosa kiti, na mimi ndiye niliyekitoa. Nisipoandika, kaka yangu anafungwa kwa mwandiko wangu. Na huyu..." Alinyanyua kidevu kuelekea ukuta. "Huyu nikimtaja, je, atapona? Au ndiyo nammaliza?"

Sedekia aliwahi kuwa na majibu ya maswali ya watu. Siku hizi alikuwa na baiskeli. "Andika jina lake, mwanangu," alisema. "Mara moja tu. Nitakwenda, sitakusumbua tena."

Ukuta ukagongwa.

Atuganile alinawa mikono kwa kata ya maji, akaikausha kwa kanga polepole, kila kidole. Alipakata ungo. Alichovya kalamu. Aliandika mstari wa kwanza bila kusita, herufi zilezile za duara ambazo Sedekia alikuwa amezibeba kutoka Iringa, akafika kwenye maneno *aliyenitamkia ni*, akasimama.

Kisha akafanya jambo ambalo Sedekia hakulitegemea. Alisogea na kigoda mpaka ukutani, akaegemeza paji la uso kwenye udongo, akafunika kichwa kwa kanga.

"Baba," alisema. Sauti ilipanda ikapita chini ya kenchi pamoja na moshi. "Ni mimi. Ile kazi uliyonipa sikuimaliza, nilikudanganya. Wanataka jina lako. Naomba ruhusa niliandike. Nigongee mara moja, baba, nitaandika."

Wote wawili walingoja. Huko nje Verediana alikuwa anafukuza kuku kwenye mahindi yake na kuwatukana wazazi wao. Upande wa pili kitanda cha kamba kililia, kama mtu anayejigeuza, na pumzi ya mzee ilisikika wazi, nzito, inaingia inatoka. Yuko macho. Fimbo iliyokuwa ikigonga tangu asubuhi, iliyogonga kwa swali la Kalinga na la maji, ilinyamaza.

"Baba?" alisema Atuganile.

Wino ulikuwa unakauka kwenye nibu. Alichovya tena, akaishika kalamu juu ya karatasi, sikio ukutani.